Mtihani wa Magari: Kutoka Matope ya Safari hadi Njia ya Ubundu

Mwaka 2026 unatimiza miaka 120 tangu reli iunganishe Stanleyville na Ponthierville, miji ambayo leo ni Kisangani na Ubundu. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa na tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain, ilitandaza kilomita 125 za chuma msituni kwa sababu moja: kati ya miji hiyo miwili Mto Kongo unakatika mara saba kwenye maporomoko ya Boyoma, na hakuna meli inayoweza kupanda wala kushuka hapo. Mizigo ya Kindu ilifika Ubundu kwa maji, ikapakiwa kwenye treni, ikashushwa Lubunga, ukingo wa kushoto wa Kisangani, ikavushwa hadi mjini. Mpango huo ulifanya kazi kwa nusu karne na zaidi.

Leo treni haina siku maalumu. Mfanyabiashara wa Lubunga mwenye chumvi, sabuni na nguo za kupeleka Ubundu, au mwenye mchele na mawese ya kuleta mjini, anageukia barabara, na barabara inamuuliza: una gari gani? Zamani jibu lilitafutwa garajini. Siku hizi linatafutwa kwenye simu. Ndugu aliyeko Brussels au Montreal anatuma picha ya jedwali, makampuni yamepangwa kutoka la kwanza hadi la mwisho, kila moja na alama zake za uimara, na chini yake ameandika kwamba mnunue hili la tatu, achaneni na lile la kumi. Mzee mwenye pesa anataka kuamini, kwa kuwa ni maandishi na yametoka mbali. Fundi hataki. Familia inagawanyika kabla gari halijanunuliwa.

Nimeufuatilia ubishi huo nyuma kadiri kumbukumbu zilizochapishwa zinavyoruhusu, na zaidi nimeegemea mambo mawili: habari za msafara wa Citroën uliopita Kisangani mwaka 1925, na matokeo ya mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Yote mawili yanaonyesha kwamba swali hili si la juzi. Yanaonyesha pia kwamba kanda yetu iliwahi kuwa na mtihani wake yenyewe, kwenye udongo wake, na watu walinunua magari kwa kuutazama.

Tuanze na Citroën, kwa kuwa walipita hapa. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari manane yaliondoka Colomb-Béchar, kusini mwa Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Mbele yalikuwa na magurudumu ya kawaida na nyuma minyororo ya mpira, ubunifu wa Adolphe Kégresse, mhandisi aliyewahi kuyatunza magari ya mfalme wa Urusi. Kila gari lilipewa nembo: mbawakawa wa dhahabu, mwezi mchanga wa fedha, tembo mwenye mnara. Walivuka Sahara, wakapita Chad na Bangui, wakaingia Kongo kwa njia ya Buta, wakafika Stanleyville, kisha wakaenda mashariki mpaka Kampala. Hapo waligawanyika vikundi vinne, cha kwanza kikielekea Mombasa, cha pili Dar es Salaam, cha tatu Msumbiji, cha nne Cape Town. Vyote vilikusudia kukutana Madagaska. Mwaka 1926 filamu ya safari hiyo ilionyeshwa Paris, kitabu kikafuata, na André Citroën akapata alichokitaka: dunia nzima ikaamini kwamba gari lake halishindwi na Afrika.

Lakini tazama jinsi walivyosafiri. Kabla msafara haujafika, misafara mingine ilikuwa imetangulia kuweka maghala ya mafuta, vipuri na chakula njiani. Mafundi walikuwemo ndani ya magari yenyewe. Na njia za msituni walizopita zilikuwa zimekatwa kwa shoka na majembe ya Wakongo waliolazimishwa na utawala wa kikoloni, watu ambao hawakuandikwa kwenye tangazo lolote la kampuni. Uimara uliotangazwa ulikuwa wa gari pamoja na yote hayo. Aliyetaka kununua gari alitajiwa gari peke yake.

Hii ndiyo kasoro ninayoiona katika karibu kila orodha ya uimara tangu wakati huo, hata zile zilizoandikwa kwa uaminifu mkubwa. Gari halipimwi peke yake. Linapimwa pamoja na barabara yake, mafuta yake, fundi wake na duka la vipuri lililo karibu naye. Ukiondoa hayo, alama inayobaki ni ya mahali pengine.

Mtihani wa kweli kwa kanda yetu, yaani Safari, ulianza mwaka 1953, huko Nairobi. Ilikuwa katika shamrashamra za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na walioupanga walikuwa walowezi wapenda magari, akiwemo Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent. Vincent alikuwa amekataa kushindana kwenye uwanja wa mbio kwa kuwa kuzunguka palepale kulimchosha. Alitaka watu waingie ndani ya magari, wafunge milango, waende mbali barani, warudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Kwa hiyo njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mwishoni mwa Mei, wakati udongo bado una maji.

Jambo ambalo wengi wamelisahau kuhusu Safari ya kwanza ni jinsi magari yalivyopangwa. Ulaya yalipangwa kwa ukubwa wa injini. Nairobi waliyapanga kwa bei ya dukani. Mwenye shilingi zake aliweza kufungua gazeti na kuona, miongoni mwa magari aliyoyamudu, lipi lilirudi na lipi lilibaki shimoni upande wa Uganda. Na gari la mashindano lilitakiwa lifanane na lile lililokuwa likiuzwa. Hapakuwa hata na mshindi wa jumla katika mwaka huo wa kwanza, ingawa Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo iliyopoteza alama chache kuliko zote. Kila daraja la bei lilikuwa na mshindi wake. Sijui orodha nyingine ya uimara iliyowahi kuandikwa kwa kumfikiria hivyo mnunuzi wa Afrika, na inanisikitisha kwamba utaratibu huo uliachwa mapema.

Ushindi wa miaka iliyofuata unajulikana: Volkswagen, Ford Zephyr, DKW, Mercedes. Mwaka 1963 mvua iliharibu kila kitu. Magari 84 yaliondoka Nairobi, 7 yakarudi. La mbele lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, na nadhani sifa ya Peugeot katika Afrika Mashariki na Kongo ilizaliwa wiki ile.

Mwaka uliofuata ndio ninaotaka kukaa nao zaidi, kwa sababu ubishi wa leo wa Lubunga ulishuhudiwa hapo, waziwazi, mbele ya magazeti ya dunia.

Mwishoni mwa 1963 kampuni ya Ford ya Marekani ilichukua magari manne ya aina ya Mercury Comet, ikayapeleka kwenye uwanja wa mbio wa Daytona, Florida, na kuyaendesha usiku na mchana kwa siku 40. Kila gari lilikwenda maili 100,000, yaani kilomita 160,000, kwa wastani wa mwendo uliozidi maili 100 kwa saa. Hakukuwa na udanganyifu ndani yake. Waamuzi walikuwepo, hesabu zilifanywa, na Comet ikatangazwa Marekani yote kuwa bingwa wa kudumu. Mtu anayeishi Ohio au Texas, mwenye barabara ya lami inayonyooka kama uzi, alikuwa na haki ya kuliamini tangazo hilo.

Kisha wakaileta Safari. Bill Stroppe, fundi maarufu wa California, alikuja Nairobi na kikosi kizima cha Comet zilizoandaliwa kwa uangalifu, zenye injini kubwa za silinda nane, na pesa ambazo timu za hapa hazikuwahi kuziona. Magazeti yaliandika juu ya Wamarekani kabla hata bendera haijashushwa. Siku zilizofuata mvua ilinyesha, udongo ukawa gundi, na katika magari 94 yaliyoanza, 21 yakafika. Kati ya hayo Comet zilikuwa mbili tu, na zote zilikuwa mkiani mwa orodha.

Gari lililoshinda lilikuwa Ford vilevile. Ilikuwa Ford Cortina GT, gari dogo lililoundwa Uingereza, likiendeshwa na Peter Hughes, mkazi wa Kenya. Kampuni moja, mwaka mmoja. Yule bingwa wa maili 100,000 alibaki nyuma na mdogo wake asiye na tangazo kubwa akafika mbele.

Sababu si siri kwa fundi yeyote. Daytona ni duara la lami lililoinuliwa pembeni ili gari lisipunguze mwendo. Injini inazunguka kwa kasi ileile saa baada ya saa, joto lake halipandi wala halishuki, na kwa injini nzuri hiyo si adhabu kubwa. Springi hazikutani na shimo. Chujio la hewa halioni vumbi la Dodoma. Klachi haiguswi. Safari haikuiuliza injini sana. Iliuliza shokomzoba, mikono ya stelingi, tangi la mafuta lililo chini na jiwe linalolingoja, uzito wa gari linapotakiwa kusukumwa na watu wawili waliochoka. Daytona ilikuwa imetoa jibu sahihi kwa swali ambalo Afrika haikuuliza.

Mwaka huohuo Msweden Erik Carlsson alikwama na Saab yake ndani ya dimbwi la matope. Gari lilikuwa dogo na la mviringo, basi yeye na mwenzake wakaliviringisha juu ya paa mpaka likatoka upande wa pili, wakaendelea, wakamaliza wa pili. Waandishi wa habari hawakuamini. Alipofika Nairobi Carlsson alilipindua gari tena mbele yao. Hakuna jedwali lenye safu ya kuonyesha kwamba gari linaweza kupinduliwa kwa mikono likaendelea na safari, na mtu aliyewahi kupita njia ya Ubundu mwezi wa Oktoba anajua kwamba safu hiyo ina thamani.

Halafu ikaja 1965, na hadithi ambayo wanunuzi wa magari yaliyotumika wangepaswa kuikumbuka. Joginder Singh, fundi wa Kenya, pamoja na mdogo wake Jaswant, walishinda na Volvo PV544. Haikuwa mpya. Kiwanda kilikuwa kimeitumia katika mashindano ya mwaka uliotangulia, ikaharibika, ikauzwa. Joginder aliijua gari hiyo chuma kwa chuma kabla ya kuiendesha. Aliwatangulia wote kwa zaidi ya saa moja na nusu, na akarudi kushinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi. Orodha ya leo ingeipa Volvo ile alama ndogo kwa umri na kwa historia ya ajali.

Peugeot 404 ilirudi na kushinda mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa akifanya kazi kwa wakala wa Peugeot Dar es Salaam, kisha Nowicki akashinda tena 1968, mwaka mwingine ambao magari 7 tu yalimaliza. Matangazo yakajaa simba, matope na neno la kudumu. Kuanzia Bamako hadi Bukavu 404 ikawa teksi, gari la misheni, gari la daktari, pikapu ya mkaa. Hata hivyo, ushindi peke yake haukuiweka barabarani miaka 20. Iliwekwa na mafundi waliokuwa wameizoea na vipuri vilivyopatikana kila soko. Datsun ilipoanza kushinda mwaka 1970, kisha Shekhar Mehta akashinda 1973 kwa alama sawa na mwenzake wa Datsun, Harry Källström, na baadaye mara nne mfululizo kuanzia 1979, wateja walihama taratibu, kadiri maduka ya vipuri yalivyohama.

Baada ya hapo mtihani ulianza kupoteza maana yake kwa mnunuzi. Uganda na Tanzania zikatoka kwenye njia, Safari ikawa ya Kenya peke yake, magari yakawa ya kiwandani, yakifuatwa na helikopta na magari ya mafundi. Iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kwenye maeneo ya Naivasha. Ni mashindano mazuri. Gari linaloshinda halifanani na chochote kinachouzwa Dubai au Mombasa, wala halimsaidii mfanyabiashara wa Lubunga kuchagua.

Nafasi hiyo wazi imejazwa na orodha za mbali. Huko Marekani shirika la Consumers Union lilianzishwa 1936, na gazeti lake la Consumer Reports huwauliza wanachama wake kila mwaka magari yao yalisumbua wapi. J.D. Power, iliyoanzishwa 1968, huhesabu malalamiko kwa kila magari 100 yaliyofikisha miaka mitatu. Ujerumani, chama cha ADAC kimekuwa kikichapisha takwimu za magari yaliyokwama barabarani tangu 1978, na TÜV hutoa matokeo ya ukaguzi. Hizi ni kazi za watu makini, na zimewalazimisha watengenezaji kurekebisha mengi. Siungani na mafundi wanaosema kwamba ni biashara tupu.

Ila soma J.D. Power inavyohesabu. Gari la miaka mitatu, mikononi mwa mmiliki wa kwanza, linalopelekwa kwa wakala kila linapofikisha kilomita zake. Katika ripoti za karibuni za J.D. Power malalamiko mengi ni ya skrini na simu kushindwa kuunganishwa na redio. Gari linaloweza kushushwa daraja kwa sababu hiyo linakuja kwetu likiwa na miaka 12 au 15, skrini imeshakufa, na hakuna anayejali. Linachopata njiani ni kitu kingine kabisa.

Na kuna jambo moja ambalo lingetosha kumaliza ubishi wa familia nyingi. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyozinduliwa 1984, ile unayoiona kwa Wakatoliki, kwa mashirika ya misaada, kwa Umoja wa Mataifa, haikuwahi kuuzwa Marekani. Hilux iliondolewa kwenye soko hilo mwaka 1995. Kwa hiyo magari mawili ambayo mkoa wetu wa Tshopo unayaamini kuliko mengine hayamo kwenye jedwali la Kimarekani la magari mapya, si kwa sababu yalishindwa, bali kwa sababu hayakuulizwa. Anayetafuta gari la Ubundu kwenye jedwali hilo anachagua kati ya yale yasiyofaa.

Tazama mafuta tu. Injini ya Toyota iitwayo 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, inafungwa kwenye Land Cruiser hizo tangu 1990. Pampu yake ni ya chuma na gia, bila kompyuta. Mafuta unayonunua kwa Kadafi, yule muuza mafuta wa pembeni mwa barabara, kwenye chupa au bidoni, yana maji na mchanga. 1HZ inakohoa, fundi anamwaga chujio, anapampu kwa mkono kutoa hewa, safari inaendelea. Gari la dizeli la kisasa lenye alama za juu Ujerumani lina nozeli zinazofanya kazi kwa shinikizo kubwa mno, na nafasi ndani yake ni ndogo kuliko unywele. Bidoni moja chafu inaweza kuziua zote nne. Ukiwa kilomita 60 kutoka Lubunga, na mtu mwenye kompyuta ya kuzisoma yuko mbali, alama za juu hazitalivuta gari hilo kutoka pale.

Miongo ya karibuni ni mifupi kusimulia. Vita vya miaka ya 1990 vilikata reli na barabara, na mwaka 1997 njia hiihii ya Ubundu ilijaa wakimbizi wa Kirwanda, na wengi wao walikufa kwenye kambi za Kasese na Biaro. Kisangani ikasafiri kwa toleka, baiskeli zilizobeba watu na mizigo wakati magari yalikuwa yameisha. Kisha zikaja pikipiki za Kihindi na Kichina, ambazo leo zinabeba sehemu kubwa ya biashara ya Ubundu, na ambazo hakuna jedwali lolote la kimataifa linalozihesabu kwa ajili yetu. Zinachaguliwa kwa njia ya zamani: ipi ina vipuri sokoni, na fundi gani anaijua.

Kinachoniudhi ni kwamba takwimu zipo hapahapa. Kila shirika lenye magari Kisangani, kila misheni, kila mradi wa afya unaopeleka chanjo Ubundu, una daftari la gari: tarehe, kilomita, springi iliyokatika, rejeta iliyotoboka, lita za mafuta, siku ambazo gari lilisimama likingoja kipuri. Madaftari hayo yanafungwa mradi ukiisha, yanatupwa au kuliwa na mchwa, na mfanyabiashara aliye mtaa wa pili anabaki akisoma malalamiko ya redio za Texas. Chama cha wasafirishaji cha Lubunga, au kitivo kimoja cha Chuo Kikuu cha Kisangani, kingeweza kuyakusanya na kuyachapisha mara moja kwa mwaka, kwa kufuata utaratibu wa Nairobi wa 1953: magari yapangwe kwa bei ambayo watu wanaimudu, pikipiki ziwemo, na mbele ya kila moja iandikwe ilikwenda Ubundu mara ngapi, ilirudi mara ngapi, na kipuri kilichoikwamisha kilichukua siku ngapi kufika.